Edwin Land na Kamera ya Papo Hapo

1. Kungoja picha

Katika siku za filamu, mpiga picha aliposhika njia kutoka Same kupanda milimani, kwenda Mbaga, au Mamba, au Gonja, watu walivaa nguo zao nzuri, wakasimama mbele yake kimya, macho yakielekea kamera. Alipokwisha kupiga, hawakuona kitu. Picha ilikuwa imo ndani ya filamu, na filamu imo ndani ya kamera, na mwenye kamera hakuwa na budi kurudi nayo mjini. Huko filamu ilitiwa katika chumba cha giza, ikaoshwa kwa dawa moja baada ya nyingine, ikaanikwa hata ikakauka, ndipo picha ikachapwa katika karatasi. Wenye picha walingoja siku nyingi, na pengine miezi.

Taabu hiyo haikuwa ya Upare tu. Watu wa nchi nyingi walingoja vivyo hivyo, wala hawakuona ajabu, kwa kuwa walikuwa wamezoea. Hata akatokea mtu mmoja wa Marekani aliyeulizwa sababu ya kungoja, naye hakuweza kujibu. Mtu huyo ndiye Edwin Land, aliyefanya kamera itoayo picha papo hapo.

Leo kamera zake za zamani hutafutwa na watu wakusanyao vitu vya kale. Nyingine hununuliwa kwa bei kubwa, na nyingine kwa bei ndogo sana. Lakini liko jambo la kushangaza. Kamera yake ya kwanza, iliyo kongwe kuliko zote, siyo iliyo ghali. Sababu yake itajulikana katika habari za maisha yake, na za mambo yaliyotukia baada ya kufa kwake.

2. Mtoto wa muuza vyuma

Edwin Herbert Land alizaliwa tarehe 7 Mei mwaka wa 1909 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, upande wa mashariki wa Marekani. Jamaa zake walikuwa Wayahudi, na wazee wa baba yake walikuwa wamehama kutoka katika nchi za mfalme wa Urusi. Baba yake alifanya biashara ya vyuma vikuukuu. Alinunua vyuma vilivyovunjika na kutupwa, akawauzia wenye viwanda ili viyeyushwe tena. Basi mtoto alikua akiona kwamba kitu kilicho takataka kwa mmoja chaweza kuwa mali kwa mwingine, maadamu yuko ajuaye kukitumia.

Tangu utoto wake Land alipenda kufungua vyombo ili ajue kilichomo. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita hivi alichezea nyaya za umeme, hata taa zote za nyumbani zikazimika. Alipokuwa kijana alipata kitabu cha mtaalamu Robert Wood juu ya elimu ya nuru. Alikisoma usiku baada ya usiku, akakiweka karibu na kitanda chake kama mwingine awekavyo kitabu cha sala.

Mwaka wa 1926 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, lakini hakukaa ila miezi michache. Alikuwa na jambo moja moyoni, wala hakutaka kulingoja. Siku zile motakaa zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi katika barabara za Marekani, na usiku taa za gari moja zilimpofusha dereva wa gari jingine. Mtu aliyekaa mbele katika lori usiku, katika barabara ndefu itokayo Same kwenda Moshi, ajua jinsi dereva akunjavyo uso gari jingine likimjia. Land alitaka kuuondoa mng'ao huo.

Nuru hutikisika kila upande isafiripo. Iko namna ya fuwele, yaani jiwe ling'aalo kama kioo, ipitishayo nuru itikisikayo upande mmoja tu. Ni kama ua la fito zilizosimama wima. Ubao mwembamba ukishikwa wima hupita katikati ya fito, lakini ukilazwa huzuiwa. Fuwele kubwa za namna hiyo zilikuwa chache, tena za thamani. Land alifikiri kwamba si lazima kutafuta fuwele moja kubwa. Yafaa kuchukua fuwele ndogo mno, maelfu kwa maelfu, na kuzielekeza zote upande mmoja katika utando mwembamba. Fuwele zake za kwanza zilitokana na kwinini, ile dawa ya homa ya malaria, iliyochanganywa na ayodini.

Alikwenda kukaa New York. Mchana alisoma katika maktaba kubwa ya mji, maana huko kitabu hakikuuzwa, na maskini na tajiri waliketi meza moja. Usiku aliingia kwa siri, kwa njia ya dirisha, katika chumba cha majaribio cha Chuo Kikuu cha Columbia, akafanya kazi mpaka usiku wa manane. Mwaka wa 1929 aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka huo huo alimwoa Helen Maislen, aliyekuwa akimsaidia kazi. Alirudi Harvard, lakini akaondoka tena kabla ya kupewa shahada.

Mwaka wa 1932 yeye na George Wheelwright, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya maumbile huko Harvard, walifungua karakana yao. Mwaka wa 1937 karakana hiyo ikawa kampuni iliyoitwa Polaroid, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Utando wake ulitiwa katika miwani ya jua, na watu wakaupenda. Walakini wenye viwanda vya motakaa hawakukubali kuutia katika taa za magari. Kazi ile aliyoiachia masomo haikupata mnunuzi. Land hakuitupa elimu yake kwa sababu hiyo. Aliitumia katika mambo mengine, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni yake iliwafanyia askari miwani na vyombo vya kulengea shabaha.

3. Swali la mtoto

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1943, Land alikwenda kupumzika pamoja na jamaa zake katika mji wa Santa Fe, jimbo la New Mexico. Siku moja alimpiga picha binti yake Jennifer, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu. Mtoto akamwuliza baba yake kwa nini hawezi kuiona picha ile saa ile ile.

Mtu mwingine angalicheka, au angalimweleza mtoto kwamba ndiyo desturi ya picha. Land aliliona swali hilo kuwa swali la haki. Alitoka akatembea peke yake katika njia za mji, akilifikiri. Kabla siku haijaisha, alikuwa amekwisha kuona kwa akili yake kamera, na filamu, na dawa zitakazohitajiwa. Hata hivyo, kuona kwa akili si kutenda. Kazi hiyo ilimshika zaidi ya miaka mitatu, yeye na wasaidizi wake.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kazi ya picha ilitaka chumba cha giza, na vyombo vya dawa, na maji, na mtu wa kuhamisha filamu kutoka dawa hii kwenda dawa ile. Land alitaka vyote hivyo viwe ndani ya kitu kimoja awezacho mtu kukishika mkononi. Alifanya kifuko kidogo sana kisichopitisha hewa, akatia ndani yake dawa nzito kama uji. Kifuko hicho kilikaa ukingoni mwa karatasi mbili. Moja iliweza kuona nuru, na ya pili ilikuwa ya kupokea picha. Mtu alipozivuta karatasi hizo, zilipita katikati ya magurudumu mawili membamba yaliyobanana. Kifuko kilipasuka, na dawa ikatandazwa sawasawa katikati ya karatasi hizo mbili.

Wapare wataielewa kazi hiyo upesi, kwa kuwa wao wana ndiva. Maji ya kijito hukusanywa usiku katika bwawa lililojengwa kwa mawe na udongo. Asubuhi bwawa huzibuliwa, na maji huteremka kwa mfereji mpaka mashambani, kila shamba lipate fungu lake. Maji yakizidi huku na kupungua kule, mazao huharibika. Kifuko cha Land kilikuwa kama ndiva ndogo ya dawa. Kilihifadhi dawa mpaka saa yake, kikafunguliwa mara moja tu, na dawa ilipaswa kufika kila mahali kwa kiasi kimoja. Ikikosa pembe moja, picha huwa na doa.

Ndani ya karatasi ile ya kwanza mlikuwa na chembe za chumvi ya fedha. Mahali palipopigwa na nuru, dawa iligeuza chembe kuwa fedha nyeusi, zikabaki pale pale. Mahali pasipopigwa na nuru, chembe ziliyeyuka, zikahamia katika karatasi ya pili, na huko zikawa nyeusi. Kwa hiyo palipokuwa na kivuli pakawa peusi, na palipokuwa na mwanga pakabaki peupe. Baada ya dakika moja hivi mtu alizibandua karatasi hizo, na picha ilikuwa tayari.

Tarehe 21 Februari 1947, Land alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa nuru katika mji wa New York, akajipiga picha mwenyewe. Baada ya muda mfupi aliibandua karatasi, na watu wakauona uso wake, mwingine pembeni mwa mwenyewe. Habari hiyo ilienea katika magazeti.

Kamera ya kwanza iliitwa Namba 95. Ilianza kuuzwa katika duka la Jordan Marsh mjini Boston, tarehe 26 Novemba 1948, kwa bei ya karibu dola 90. Kampuni ilikuwa imepeleka kamera karibu 60, ikidhani kwamba zitatosha mpaka nyingine zitakapokuwa tayari. Zote ziliisha siku hiyo hiyo.

4. Wenzake na kazi zao

Picha za kwanza zilikuwa za rangi ya hudhurungi, kama kahawa iliyotiwa maziwa. Watu walitaka nyeusi na nyeupe. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mwanamke mmoja, Meroë Morse. Yeye hakusoma elimu ya dawa, alisoma elimu ya sanaa, lakini Land alimwamini kwa sababu ya jicho lake na uvumilivu wake. Filamu ya nyeusi na nyeupe ilitoka mwaka wa 1950. Ikaonekana kwamba picha zake zilififia, basi ikalazimu kila picha ipakwe dawa ya kuilinda. Kazi ya filamu ya rangi aliisimamia Howard Rogers, nayo ilimchukua miaka mingi. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1963.

Land alimwajiri pia Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa milima ya Marekani, ili aijaribu kila filamu mpya na kueleza makosa yake bila kuficha. Tena aliwapa wasanii filamu, nao wakaipa kampuni picha zao. Hivyo kampuni ikapata hazina kubwa ya picha. Ikumbukwe kwamba picha ya namna hii si kama picha ya filamu ya kawaida. Filamu ya kawaida huhifadhiwa, na picha kumi au mia huweza kuchapwa kwayo. Picha ya papo hapo hutoka moja tu, na ikipotea imepotea.

Mwaka wa 1965 ilitoka kamera iliyoitwa Swinger, iliyouzwa kwa bei ya chini ya dola 20, ili hata vijana waweze kuinunua. Na mwaka wa 1972 Land alisimama mbele ya wenye hisa wa kampuni, akatoa mfukoni mwa koti kitu bapa mfano wa kitabu, akakikunjua kikawa kamera. Iliitwa SX-70. Hapakuwa na karatasi ya kubandua wala ya kutupa. Picha ilitoka yenyewe kwa mlio mdogo, ikajifunua polepole mchana kweupe machoni pa watu. Betri yake haikuwamo katika kamera. Ilikuwamo katika pakiti ya filamu, na kila pakiti ilikuja na betri yake mpya. Kwa hiyo SX-70 isiyo na filamu haikuweza hata kulia. Jambo hilo dogo lilikuja kuwa kubwa baadaye.

5. Kamera na pasi za Afrika Kusini

Kila chombo chema kikiingia mikononi mwa wadhalimu hutumika kwa udhalimu. Kampuni ya Polaroid ilikuwa na kamera ya kupigia picha za vitambulisho, iliyotoa picha mbili kwa mara moja. Katika Afrika Kusini serikali ya makaburu iliwalazimisha Waafrika kuchukua pasi kila waendako, na asiyekuwa nayo alitiwa gerezani. Picha za Polaroid zilitumiwa katika pasi hizo.

Mwaka wa 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo. Waliwaita wenzao wakaandamana, wakaitaka kampuni iache kuuza bidhaa zake Afrika Kusini. Kampuni ilipeleka watu kuchunguza, ikaahidi kwamba haitaiuzia serikali ile, lakini ilisema itaendelea na biashara yake kwa wengine. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka wa 1977 ikajulikana kwamba wakala wa huko alikuwa akiiuzia serikali kwa siri, na ndipo Polaroid ilipoondoka kabisa.

Miaka hiyo Tanzania ilikuwa imewapokea wapigania uhuru wengi wa kusini mwa Afrika, na watu wake walijua maana ya pasi hizo. Land alikuwa mkuu wa kampuni siku zile zote, kwa hiyo habari hii haiwezi kutengwa na habari za maisha yake. Aliyeweza kusikia swali la mtoto wa miaka mitatu kwa saa moja, kampuni yake ilichukua miaka saba kulisikia swali la wafanyakazi wake.

6. Kesi, na mwisho wa maisha yake

Kampuni ya Kodak ilikuwa kubwa kuliko Polaroid, na kwa miaka mingi iliifanyia Polaroid sehemu za filamu yake. Mwaka wa 1976 Kodak ilianza kuuza kamera zake yenyewe za papo hapo. Land aliona kwamba uvumbuzi wake umechukuliwa, na Polaroid ikaipeleka Kodak mahakamani. Kesi ilichukua miaka mingi. Land mwenyewe alisimama mbele ya hakimu akaeleza kazi yake. Mwaka wa 1985 mahakama iliamua kwamba Polaroid ina haki, na mwezi wa Januari 1986 Kodak ililazimika kuacha kabisa kazi hiyo. Mwaka wa 1990 iliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 900.

Watu waliokuwa wamenunua kamera hizo za Kodak zilikuwa mikononi mwao zaidi ya milioni 16. Zilikuwa nzima, nyingine mpya kabisa. Lakini filamu yake haikufanywa tena, na kamera zile zikawa makasha matupu.

Hata hivyo, kabla ya hukumu hiyo Land alikuwa amekwisha kuiacha kampuni yake. Mwaka wa 1977 alitoa chombo cha kupigia picha za sinema za papo hapo, kiitwacho Polavision. Picha zake zilikuwa za giza, hazikuwa na sauti, na watu hawakuzinunua. Kampuni ilipata hasara ya mamilioni ya dola. Mwaka wa 1980 Land aliacha ukuu wake, na mwaka wa 1982 akaondoka kabisa. Hakukaa bure. Alianzisha nyumba ya utafiti mjini Cambridge, akaendelea kuchunguza jinsi jicho la mwanadamu lionavyo rangi.

Alikufa tarehe 1 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Alikuwa amepewa hati 535 za uvumbuzi. Mtu huyu aliyeondoka chuoni bila shahada alipewa na Harvard shahada ya heshima mwaka wa 1957.

7. Kiwanda cha Enschede

Baada ya kufa kwake zilikuja kamera zisizotumia filamu, na kisha simu zenye kamera. Mtu aliiona picha yake papo hapo bila karatasi wala dawa. Polaroid ilifilisika mwaka wa 2001. Jina lake lilinunuliwa na wengine, na mwezi wa Februari 2008 ikatangazwa kwamba filamu ya papo hapo haitafanywa tena. Viwanda vilifungwa kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa katika mji wa Enschede, nchi ya Uholanzi. Bei ya pakiti zilizobaki ilipanda, na wenye kamera za SX-70 wakaona kwamba yatawapata yaliyowapata wenye kamera za Kodak.

Mhandisi wa kiwanda hicho, André Bosman, hakutaka mashine zivunjwe na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Yeye na Florian Kaps, mfanyabiashara kutoka Austria, na wenzao wachache walizinunua mashine hizo kwa dola milioni 3 na zaidi, wakapanga jengo, wakawaajiri tena baadhi ya wafanyakazi wa zamani. Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyotazamia. Mashine zilikuwako, lakini dawa nyingi hazikupatikana tena, kwa sababu waliozifanya walikuwa wameacha. Ilibidi filamu ibuniwe upya. Waliianza kuiuza mwaka wa 2010, nayo ilikuwa na kasoro nyingi. Picha ilipotoka ilipaswa kufunikwa upesi isione mwanga. Mwaka hata mwaka waliitengeneza ikawa bora, na tangu mwaka wa 2020 kampuni hiyo yachukua jina la Polaroid.

Mwaka huo wa 2010 jambo jingine lilitukia New York. Hazina ya picha iliyoanzishwa siku za Land ilipigwa mnada kwa amri ya mahakama, ili kulipa madeni ya waliolinunua jina la kampuni. Siku mbili zilipatikana zaidi ya dola milioni 12. Picha zilizokuwa zimekaa pamoja miaka mingi zikatawanyika kwa wanunuzi mbalimbali.

8. Thamani ya kamera ya kale

Sasa sababu ya bei yajulikana. Kamera Namba 95 ni ya kwanza, nayo ina heshima ya kuwa ya kwanza. Lakini zilifanywa nyingi, na filamu yake ya kuviringishwa iliachwa kufanywa mwaka wa 1992. Kwa kawaida hununuliwa kwa bei ndogo, ikawekwa rafuni itazamwe. Kamera ya Kodak ya papo hapo ina thamani ndogo zaidi. SX-70 ni changa kuliko Namba 95 kwa miaka 24, lakini ikiwa nzima huuzwa kwa bei kubwa kuliko hiyo, kwa sababu filamu yake yafanywa hata leo, na kamera yaweza kufanya kazi yake. Kama wale watu wachache wa Enschede wasingalifanya shauri, bei hiyo isingalikuwako. Thamani ya kamera ilikuwa imo mikononi mwa wafanya filamu, kuliko ndani ya kamera yenyewe.

Wahunzi wa Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, walisifiwa tangu kale. Waliyeyusha mchanga wenye chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki, na Wachaga walikuja kununua. Chuma cha kigeni kilipoingia kwa wingi, matanuru yalizimika. Mvukuto wa siku zile ukionekana leo watu huutazama kwa heshima, lakini mvukuto peke yake haufui jembe. Hutaka mkaa, na mchanga, na zaidi ya vyote mtu aliyefundishwa na baba yake jinsi ya kuutumia.

Basi mtu akikuta kamera kuukuu katika kasha la babu yake, asiitupe, wala asidhani kwamba amepata utajiri. Aitazame jina na namba yake. Aulize kama filamu yake ingali ikifanywa, na kama magurudumu yake ni safi, maana dawa kavu iliyoganda juu yake huzuia kazi. Aiweke mahali pakavu, mbali na jua na vumbi. Na picha zilizomo kashani pamoja nayo azitunze kuliko kamera. Kamera za namna moja zilitoka kiwandani kwa maelfu, bali kila moja ya picha hizo ilitoka peke yake, wala haina ya pili.